Wembe wa Babu na Jiwe la Mwisho: Mwongozo kwa Mkazi wa Jiji la Miamba

Mwanza haijawahi kulia njaa ya mawe. Lipo jiwe la kukalia, lipo la kuanikia nguo, lipo la kuegemeza nyumba kule Igogo na Mabatini, na mengine yamepandana bila kumwomba ruhusa mpimaji wa viwanja. Kwa hiyo mtu akifungua sanduku la babu yake akakuta wembe wa kukunja, mpini wa pembe, chapa ya Solingen au Sheffield imefifia shingoni, miguu humpeleka yenyewe nje kuusugua kwenye mwamba wa kwanza. Mwongozo huu umeandikwa ili kumdaka mtu huyo mlangoni.

Sikiliza, ndugu yangu. Makali ya wembe ulionolewa vizuri hayafiki unene wa maikroni 1, na unywele mmoja wa binadamu una maikroni 50 hadi 100. Kutoka kwenye chuma kilicholala sandukuni hadi kwenye makali ya namna hiyo ni safari ya mawe kadhaa, kila moja likifuta michubuko ya lililotangulia. Wabishi wa kijiweni wanaoulizana kinoo kipi ni bora, cha Mjerumani au cha Mbelgiji, wanabishana kuhusu safari kwa kutaja kituo kimoja. Jiwe huwa zuri likiwa mahali pake. Na mkazi wa Kanda ya Ziwa ana bahati kubwa: karibu safari nzima anaweza kuifanya na vitu vya hapa hapa. Kinachokosekana ni jiwe moja tu, la mwisho, na hilo ndilo linalostahili kukutoa fedha mfukoni. Fuata maelekezo kwa utaratibu wake.

1. Upe mwamba heshima yake, uunyime wembe

Miamba ya Mwanza ni graniti. Okota kipande, ukitazame juani. Ile punje inayofanana na kioo cha kijivu ni kwatzi, ile nyeupe au ya waridi ni feldispa, na vile vinavyometameta ni ulanga. Umeviona vyote kwa macho matupu, na hapo hapo hukumu imeshatoka. Punje inayoonekana bila lenzi ni kubwa mara mamia kuliko makali unayoyataka, na kwatzi ina ugumu wa kutosha kuking'oa chuma cha wembe vipande vipande. Dakika tano kwenye mwamba, wembe wa babu umekuwa msumeno.

Panga, shoka na jembe ni habari nyingine. Hivyo hutaka meno kidogo ili vishike mti na udongo, na mwamba unavipa. Ngazi ya saruji ya nyumbani ihesabu kundi hilo hilo, maana ndani yake mna mchanga ambao jana ulikuwa mwamba. Na Jiwe la Bismarck, pale karibu na kivuko cha Kamanga, limebeba jina la kansela wa Ujerumani, nchi iliyofua nyembe za Solingen, lakini halina undugu wowote na makali yake. Lipige picha, uendelee na safari.

2. Ukague wembe kabla ya kuutafutia jiwe

Watu hununua jiwe la gharama kwa ajili ya wembe uliokufa zamani. Ulaze wembe juu ya kipande cha kioo. Mgongo na makali vikigusa kioo pande zote mbili bila kuyumba, mshukuru babu. Ukicheza, umepinda, na mawe yote ya dunia yatakula upande mmoja tu. Kisha tafuta kutu. Kutu ya juu juu mgongoni ni uzee wa kawaida. Kutu iliyotoboa karibu na makali ni maradhi, kwa sababu kila utakaponoa utafika kwenye tundu jingine. Mwisho tazama mapengo. Pengo dogo hunoleka likaisha. Pengo unaloweza kuingiza ukucha linamtaka fundi, au uurudishe wembe sandukuni uwe kumbukumbu.

Halafu ujue siri ya umbo lake, kwani ndiyo inayowaangusha wazoefu wa visu. Kisu cha kuparia sangara hunolewa kikiwa kimeinuliwa kidogo juu ya jiwe, na mkono ndio unaoshika mwinamo. Wembe wa kukunja haunyanyuliwi kamwe. Unalala, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, na upana wa mgongo wenyewe ndio unaopanga mwinamo, kwa kawaida nyuzi 16 hadi 18 ukijumlisha pande zote mbili. Aliyeufua alikwishakufanyia hesabu. Kazi yako ni kutouinua.

3. Panda ngazi ya nyumbani

Pwani ya ziwa hili haikuanza kunoa jana. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu tanuri za kale za Buhaya, wakaonyesha kuwa watu wa upande wa magharibi wa ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa takriban miaka 2,000 iliyopita. Upande wa kusini-magharibi Warongo walifua majembe yaliyofika Usukumani. Pale Bujora, Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma imemwekea mhunzi nyumba yake. Penye chuma pana kinoo, na mhunzi aliyefua bila kunoa angeuza nyundo tu.

Basi anza na mawe ya mchanga ya Bukoba. Ile miinuko inayoutazama mji ule ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa mwamba, na punje zake zina ukubwa wa kukaribiana kuliko za graniti yetu. Kipande kilicho laini na kisichomeguka kitakutosha kwa panga na kisu cha jikoni. Wembe bado usubiri.

Kisha yupo mnoa visu wa baiskeli, anayepita mitaani akipiga pedali huku cherehe ikitema cheche. Mheshimu, kisu cha mama ntilie kikishatoka kwake kinakata nyanya bila kuikamua. Lakini wembe usimpe, hata akikuomba kwa upole. Chuma cha wembe kwenye makali ni chembamba mno, na jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hukipasha moto kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya bluu imeingia, ugumu umeshatoka, na chuma kilichopoteza ugumu hakishiki makali tena. Hasara hiyo hairudishwi na mtu.

Ngazi inayofuata ipo katika kila duka la vifaa vya ujenzi: kile kinoo cha pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Vingi hutengenezwa kwa silikoni kabaidi, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikipata mwaka 1891 akiwa anahangaika kutengeneza almasi tanurini. Almasi hakuipata, lakini wapasua samaki wote wa dunia wanapaswa kumshukuru. Pale Mwaloni Kirumba, mtu anayetoa minofu ya sangara siku nzima anakutana na magamba, ngozi na mifupa, na kisu chake kinahitaji kurudi kwenye jiwe mara kwa mara, haraka, bila sherehe. Hicho ndicho kinoo cha kazi hiyo. Kwa wembe, upande wake laini unafaa kurudishia mwinamo wa makali ulioharibika, na baada ya hapo uondoke. Ukiweza kupata jiwe lenye namba 1000, ambalo punje zake zina takriban maikroni 15, kazi hii itakuwa safi zaidi.

Almasi yenyewe pia ipo. Tumelala jirani na Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na leo vibao vya chuma vilivyopakwa vumbi la almasi, nyingi zikiwa za kutengenezwa kiwandani, vinauzwa kwa wanoaji. Vinakata kila kitu, na ndiyo shida yake: vinaacha michubuko mirefu ambayo jiwe la baadaye litahangaika kuifuta. Kibao cha almasi kitumie kusawazishia mawe mengine. Hapo hakina mpinzani.

Na kama huna chochote kati ya hivi, geuza kikombe cha udongo wa kuchoma. Ule mduara wa chini usio na mng'ao hunoa kisu vizuri kuliko mawe mengi yanayouzwa. Chai umalizie kwanza.

4. Sasa lichague jiwe la mwisho

Hapa ndipo mawe ya zamani yanapodai heshima yao. Kazi ya jiwe la mwisho ni kulainisha, na kulainisha kunataka punje ndogo sana, za ukubwa mmoja, zilizoshikwa na kitu laini kiasi cha kuziachia zikichoka. Dunia iliyapata mawe hayo mahali pachache, na vinyozi wa karne zilizopita waliyasafirisha mbali. Likikutokea moja mnadani, kwenye mtumba wa vifaa vya mafundi, au kwenye mzigo wa ndugu aliyerudi kutoka Ulaya, ulijue hivi.

Jiwe la Ubelgiji, kotikule, hutoka milima ya Ardennes. Lina rangi ya maziwa yaliyoingia manjano, na mara nyingi limeshikamana na bamba la sleti ya kijivu au bluu kwa chini. Ndani yake mna ganeti ndogo ndogo, jamaa wa zile wanazozichimba wachimbaji wetu wa vito. Ukilisugua kwa kijiwe cha aina yake hadi utoke ujiuji mzito, linakata kwa kasi. Ukiusuuza ujiuji na kubaki na maji matupu, linalainisha. Jiwe moja linafanya kazi mbili, na bado linachimbwa.

Jiwe la Thuringia, Ujerumani, ni sleti laini kutoka maeneo ya Steinach na Sonneberg, la kijani kibichi kilichofifia au la bluu nzito. Lebo maarufu kuliko zote ni Escher. Wembe unaotoka hapo una makali tulivu usoni, na sifa zake ni za kweli. Lakini machimbo yale yalifungwa, na siku hizi sehemu kubwa ya bei inalipia karatasi iliyobandikwa ubavuni. Lisilo na karatasi, likiwa zima, linakata vile vile.

Jiwe la Charnley, kutoka Leicestershire, Uingereza, ni la kijani lenye madoa mekundu. Jiwe la Arkansas, Marekani, ni kwatzi karibu tupu, ila ya punje ndogo mno kuliko ile ya graniti yetu. Yote mawili ni magumu, yanadumu vizazi, na yanakwenda taratibu. Yanamfaa mtu asiye na haraka ya kwenda kazini. Mawe ya Japani, ya karibu na Kyoto, yanaweza kuyapita yote au kuyafuata kwa mbali, kwa sababu kila kipande kina tabia yake na mihuri yake imeigwa sana; yanunue ukiwa na mtu anayeyajua. Mwisho kuna vijiwe vidogo vya kiwandani walivyotumia vinyozi, kama vile vya Swaty kutoka Maribor, Slovenia. Hivi ni vya kuamsha makali yaliyosinzia, basi. Ukivipa wembe butu, mtachoshana.

Uamuzi wangu nautoa bila kuzunguka: kwa mtu wa Mwanza anayenunua jiwe moja la mwisho, ni kotikule. Linasamehe mkono unaojifunza, linaruka ngazi moja, linataka maji tu, na likivunjika lingine lipo. Thuringia ni tamu zaidi kwa kidogo, kwa bei iliyozidi kwa kikubwa.

5. Lijaribu kabla hujalilipia

Mazungumzo yatakwenda hivi, iwe sokoni Mlango Mmoja au popote pengine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hilo jiwe la Mjerumani."

"La Mjerumani wa lini, baba?"

"Wa enzi zile!"

Mjerumani aliondolewa Mwanza Julai 1916, na tangu hapo kila kitu cha zamani kinasingiziwa yeye. Usibishane na mzee, wala usimwonyeshe kwamba umelipenda. Omba maji kidogo. Lilowanishe jiwe: jiwe la asili litakuonyesha mawingu na mistari, la kiwandani litakuwa na rangi moja mwanzo hadi mwisho. Pitisha ukucha wa kidole gumba: ukihisi mikwaruzo, hilo si la mwisho. Ligongegonge kwa kifundo cha kidole: zima lina sauti ya wazi, lililopasuka lina sauti ya mafua. Weka rula ya chuma juu yake, tazama mwanga unaopita chini: bonde dogo linasawazishika, bonde kubwa limeshakula nusu ya jiwe. Kisha toa kisu kidogo mfukoni na uombe kupitisha mara chache. Maji yakianza kuwa meusi, jiwe linakata chuma. Yakibaki meupe, ama jiwe limezibwa na mafuta makavu, ama unauziwa kigae.

Ukiwa na mawe mawili na unataka kujua lipi zuri, yashindanishe kwa haki. Wembe uwe mmoja, mwinamo urudishwe kwenye jiwe lile lile la namba 1000, idadi ya mapito iwe sawa, na ukanda wa ngozi wa kunyooshea makali uwe mmoja. Paka wino wa kalamu kubwa kwenye makali kabla ya kuanza. Wino ukifutika sawasawa, unajua jiwe lilifika kila mahali. Azima lenzi ya sonara inayokuza mara 10 uone michubuko iliyobaki. Lakini jaji mkuu ni shavu, na shavu halihongeki. Nyoa, andika ulivyohisi siku hiyo, na usubiri ngozi itulie kabla ya kulipa zamu jiwe la pili. Anayelinganisha kwa kukumbuka tu hukumbuka bei.

6. Usiishie kwenye jiwe

Wembe ukitoka kwenye jiwe la mwisho bado haujawa tayari. Makali huwa na unyuzi wa chuma uliopinda huku na huku, mwembamba usioonekana, na ngozi ndiyo inayounyoosha. Hapa Usukumani tunarudi nyumbani kwa ushindi, maana nchi hii ni ya ng'ombe. Mwombe fundi viatu ukanda wa ngozi nene, laini upande mmoja, usiopakwa rangi, upana wa kuzidi vidole vitatu, urefu wa mkono hadi kiwiko na ziada. Ufunge kwenye kitasa, uvute ukakamae, upitishe wembe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukitanguliza makali, utakata ukanda, na fundi viatu atakuuzia mwingine kwa furaha. Mapito 40 au 50 yanatosha kabla ya kila kunyoa. Mwenye nidhamu ya ngozi hulirudia jiwe mara chache kwa mwaka.

7. Litunze jiwe lisije likakulaani

Chagua maji au mafuta, usichanganye. La maji lipe maji ya bomba. Usiende kunolea ukiwa umesimama ziwani magoti majini. Kichocho kinaingia kupitia ngozi nzima bila kusubiri jeraha, na hakuna wembe wenye thamani hiyo. La mafuta lipe mafuta ya cherehani. Mafuta ya pamba ni fahari ya kanda yetu na yanakaanga sato vizuri, lakini yakikaa juu ya jiwe hukauka yakawa gundi, na gundi hainoi. Jiwe lililokwishaganda liloweke kwenye maji moto yenye sabuni, usugue kwa brashi, urudie hadi maji yatoke safi. Likiwa na bonde, bandika msasa juu ya kioo kinene, mwagia maji, usugue jiwe kwa mzunguko hadi lote liguse. Fanya hivyo nje ya nyumba, kwa amani ya ndoa.

8. Wembe mmoja, uso mmoja

Hapa naomba usimame wima unisikilize. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya maji haya haya. Miaka iliyofuata ilitufundisha kwa machozi kwamba kitu chenye ncha au makali hakishirikishwi, na homa ya ini aina ya B inasisitiza somo lile lile. Ndiyo maana kinyozi wako wa saluni anavunja kiwembe kipya mbele yako, anakipachika kwenye kishikio, na akimaliza anakitupa. Anafanya sawa, na asipofanya inuka na povu lako usoni. Jiwe na ngozi haviui vijidudu. Wembe wa babu, hata uwe mkali kiasi gani, ni wa shavu lako peke yako. Si wa kaka, si wa mgeni, si wa mtoto anayenyolewa upara.

Na siku ya kunyoa, wahenga waliposema mwenzako akinyolewa zako tia maji, walitoa pia maelekezo ya kiufundi. Tia maji, tena ya moto, dakika chache, kisha sabuni. Ndevu kavu huharibu makali mazuri kuliko jiwe baya.

9. Mpangilio wa matumizi ya fedha

Kwanza nunua kinoo cha pande mbili cha duka la vifaa. Visu vya nyumba nzima vitakushukuru hata ukikata tamaa na wembe. Pili, ukanda wa ngozi. Tatu, msasa na kioo. Nne, jiwe lenye namba 1000 likipatikana. Tano, na hapo tu, jiwe la mwisho. Mkono wako ujifunze miezi kadhaa kwenye jiwe hilo hilo moja kabla hujalitilia shaka, kwa sababu mawe mengi yanayouzwa tena kwa bei ya hasira hayakuwa na kosa. Mwenyewe aliinua mgongo wa wembe. Ukijikuta unatamani la pili wakati la kwanza bado hujalimaliza ujuzi wake, fedha hiyo ipeleke Mwaloni, ununue sangara, ujifunze kumtoa minofu kwa kisu ulichokinoa mwenyewe. Utapata mazoezi ya mkono, na jioni nyumba nzima itakula.